Taa Kuzimika Si Umeme Kukatwa

Wako watu wengi, tena wenye elimu ya kutosha, ambao wakibonyeza swichi ya ukutani na taa ya darini ikazimika, huamini kwamba sasa nyaya za taa hiyo ni salama kuguswa. Baada ya hapo huvuta meza, huweka kiti juu ya meza, hupanda, na kuanza kufungua holda ili wafunge taa mpya waliyoinunua mjini. Imani hiyo ni ya hatari, na yafaa ipingwe bila ya kuoneana haya, kwa sababu mtu anayeishikilia huenda asipate nafasi ya pili ya kujisahihisha.

Makala haya hayakusudii kumgeuza kila mwalimu na kila mtumishi wa serikali kuwa fundi wa umeme. Nchi inao mafundi, na kazi yao ni ya heshima. Kusudi letu ni kueleza jambo moja ambalo kila mwenye nyumba na kila mpangaji hana budi kulijua kabla yeye mwenyewe, au mtu aliyemtuma, hajanyoosha mkono kuelekea darini: kwamba giza si ushahidi wa usalama. Ushahidi ni umeme kukatwa kwenye swichi kuu, kisha kupimwa palepale pa kazi na kuthibitika kwamba haupo.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Mitambo ya Hale ilipoanza kazi mwaka 1964, na hata ile ya Kidatu ilipoanza mwaka 1975, taa ya umeme nyumbani ilikuwa zaidi jambo la watu wa mijini. Leo mambo yamebadilika. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umepeleka nguzo hadi vijijini, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Nyumba ya mwalimu iliyokuwa ikimulikwa kwa kandili sasa ina taa katika kila chumba.

Lakini nguvu yote hiyo ya maji humfikia mwananchi kwa waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, uliopitishwa juu ya dari, mahali ambapo hapana anayeutazama. Kwa kuwa ni mwembamba na umefichika, tunaudharau. Na wahenga walikwisha kusema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

SABABU ZA GIZA NI NYINGI

Hebu tujiulize, taa ya darini inaweza kuwa giza kwa sababu gani?

Sababu ya kwanza ni balbu kuungua. Hapa kila mtu ataona mara moja kwamba giza halina maana yoyote ya usalama. Balbu imekufa, lakini holda yake ni hai na ina volti 230 kamili, ikimngoja atakayetia kidole.

Sababu ya pili ni swichi kuzimwa. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Taa huhitaji nyaya mbili ili iwake: waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu, na waya wa kurudishia umeme, yaani nyutro. Swichi iliyofungwa ipasavyo huukata waya wa moto. Lakini fundi mzembe akiifunga swichi katika nyutro, taa bado itawaka na kuzimika kama kawaida, na mwenye nyumba hataona tofauti hata kidogo kwa miaka mingi. Tofauti itaonekana siku atakapopanda kubadili holda. Swichi imezimwa, taa ni giza, na waya wa moto uko palepale umesimama katika holda.

Sababu ya tatu ni nyutro kulegea au kukatika mahali fulani. Hali hii ni ya hila zaidi. Umeme hupita katika balbu iliyomo, ukakosa njia ya kurudi, na kwa hiyo waya ambao mtu angeuita nyutro na kuudhania kuwa mpole huwa nao una umeme hadi pale ulipokatikia. Taa haiwaki, na nyaya zote mbili zinauma.

Sababu ya nne ni taa zenye swichi mbili, kama zile za ngazi na za ukumbi mrefu, ambazo mtu anaweza kuziwasha mlangoni na kuzizimia upande wa pili. Katika taa za namna hii swichi haina mkao maalumu wa kuwaka wala wa kuzimika. Wewe umezima hapa, mtoto anatoka chumbani anabonyeza kule, nawe uko juu umeshika waya.

Sababu ya tano ni umeme kukatika mtaani, au uniti kumalizika katika mita ya LUKU. Wako wanaoiona hali hiyo kuwa fursa njema ya kufanya matengenezo, kwa kuwa umeme haupo. Hawakumbuki kwamba umeme uliokatika bila ya wao kutaka utarudi bila ya kuwaomba ruhusa. Na kuhusu LUKU, inatosha mtu mmoja wa nyumbani, aliyekaa sebuleni na simu yake, kununua uniti na kuingiza namba akidhani anafanya wema.

Tumetaja sababu tano. Katika zote taa ni giza, na hakuna hata moja inayompa mtu haki ya kugusa waya.

NDANI YA SILINGI ROZI

Ziko nyumba, hasa za zamani, ambamo hatari imo katika mpango wenyewe wa nyaya. Nyumba nyingi hapa kwetu zimefungwa umeme kwa desturi tuliyorithi kwa Waingereza. Katika desturi hiyo, silingi rozi, yaani kile kisahani cha duara kilichokazwa darini na kuning'iniza waya wa taa, hufanya kazi mbili. Huishika taa, na pia huwa kituo cha kuunganishia nyaya zinazotoka kwenye bodi ya umeme, zinazoendelea kwenye taa ya chumba cha pili, na zile zinazoshuka ukutani kwenye swichi.

Maana yake ni kwamba ndani ya kisahani kile umo waya wa moto ambao haupiti katika swichi kabisa. Uizime swichi au usiizime, waya ule una umeme usiku na mchana. Mtu anayekifungua kisahani kwa kutegemea swichi ya ukutani anafungua mlango wa chumba alichomo simba, eti kwa sababu taa ya chumbani humo imezimwa.

Tena kuna mtego mwingine katika kisahani hichohicho. Waya mmoja hushuka kupeleka umeme kwenye swichi, na mwenzake hupanda kuurudisha kwenye taa. Katika nyumba za zamani ule wa kushuka mara nyingi ni mwekundu na ule wa kurudi ni mweusi. Mtu asiyejua huona nyaya kadhaa nyeusi darini, akadhani zote ni nyutro, akazisokota pamoja. Atakaporudisha umeme, taa itakaa inawaka tu bila ya kuitii swichi, au haitawaka kabisa, kutegemea alivyounganisha. Na pindi mtu atakapoiwasha swichi, moto na nyutro vitakutana ana kwa ana, na hiyo ndiyo shoti. Bahati yake ikiwa njema, fyuzi itakatika. Ikiwa mbaya, na fyuzi ile ilikwisha kuwekwa waya mnene ili "isisumbue", kitakachoungua ni waya wa darini.

RANGI NAZO SI SHAHIDI WA KUTEGEMEWA

Kuna wasomaji watakaosema kwamba rangi za nyaya zinatosha kutuongoza. Rangi ni msaada, lakini zisichukuliwe kuwa ni kiapo.

Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi, na waya wa ethi wa kijani, au wa kijani na njano. Uingereza wenyewe walibadili rangi za nyaya za majumbani katika kanuni zao za mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 kazi mpya zikawa hazina budi kufuata rangi mpya: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Katika nyumba zetu na katika maduka yetu mtu anaweza kuzikuta rangi za aina zote mbili, na pengine katika dari moja, chumba kimoja kikiwa cha zamani na kingine kikiwa kimeongezwa baadaye.

Ajabu ni kwamba rangi hizo zinapingana. Mahali penye umeme wa njia tatu, waya mweusi ambao katika desturi ya zamani ulikuwa nyutro, katika desturi mpya ni mmoja wa nyaya za moto. Na waya wa buluu ambao zamani ulikuwa mmoja wa nyaya za moto, leo ni nyutro. Kwa hiyo mtu anayetegemea rangi peke yake anategemea kwamba kila fundi aliyemtangulia katika dari ile alifuata kanuni anayoijua yeye, na kwamba siku ile hakuishiwa na waya wa rangi ile. Hayo ni mategemeo makubwa mno kwa mtu aliyesimama juu ya ngazi.

UMEME WA TAA NI MDOGO?

Husemwa pia kwamba umeme wa taa ni mdogo, kwamba unaoua ni ule wa jiko na wa pasi. Yafaa walimu wetu wa fizikia walijibu neno hili, kwa kuwa hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari.

Volti za taa ni zilezile za jiko: 230. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia takriban ampea 0.26. Sasa tuutazame mwili wa binadamu. Mkondo wa miliampea 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya ampea, hutosha kuikaza misuli ya mkono hata mtu akashindwa kuuachia waya alioushika. Mkondo ukizidi miliampea 30 na kuendelea kupita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mwili uliolowa jasho, kama ulivyo mwili wa mtu anayefanya kazi chini ya paa la bati saa nane mchana, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu au pungufu. Kwa kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827, volti 230 zikigawanywa kwa omu 1,000 tunapata ampea 0.23. Hizo ni miliampea 230, zaidi ya mara saba ya kiasi tulichokitaja.

Na wala mtu asijifariji kwamba fyuzi itamwokoa. Fyuzi ya taa huwa ya ampea 5, na kikatio cha kisasa huwa cha ampea 6 au 10. Vifaa hivyo viliwekwa kuulinda waya usiungue. Binadamu anayepitisha ampea 0.23 hawezi kuikata fyuzi ya ampea 5. Kwa fyuzi ile, mtu anayekufa ni kama balbu nyingine iliyowashwa.

Kipo kifaa kilichokusudiwa kumlinda mtu, nacho ni kikatio cha umeme unaovuja, kinachojulikana kwa mafundi kwa herufi RCD, ambacho kwa majumbani huwekwa cha miliampea 30. Kila nyumba ingefaa iwe nacho, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara ili kujua kama bado ni kizima. Hata hivyo kifaa hicho hutambua umeme unaotoroka kwenda ardhini. Mtu aliyesimama juu ya ngazi ya mbao, mkono mmoja ukishika moto na mwingine nyutro, kwa kifaa kile ni sawa na taa ya kawaida. Kwa hiyo RCD ni msaidizi wa utaratibu, na haiwezi kuchukua nafasi ya utaratibu.

UTARATIBU WENYEWE

Utaratibu ni mwepisi, na wepesi wake ndio unaofanya kuupuuza kuwe jambo lisilosameheka.

Kazi ifanywe mchana, maana umeme ukikatwa nyumba nzima itakuwa giza. Watu wote wa nyumbani waambiwe. Kabla ya kukata umeme, chombo cha kupimia kijaribiwe mahali ambapo umeme upo kwa hakika, kama katika soketi, ili ijulikane kwamba ni kizima. Kisha swichi kuu, ile wengi tunayoiita meni swichi, izimwe. Kama bodi ni ya fyuzi za kuchomoa, fyuzi ya taa ichomolewe na itiwe mfukoni mwa yule anayepanda. Kama ni ya vikatio, kifuniko kifungwe na karatasi ibandikwe yenye maneno: USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Nyumba yenye jenereta, au yenye sola na betri, ina chanzo cha pili cha umeme, na chanzo hicho nacho hakina budi kuzimwa.

Baada ya kufungua kifuniko cha taa, na kabla ya kugusa, nyaya zote zipimwe: kila mmoja na mwenzake, na kila mmoja na ethi. Hapa tahadhari inahitajika. Ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ambayo wengi huiita testa hutegemea umeme kidogo sana upite katika mwili wa aliyeishika. Juu ya ngazi ya mbao, kwa viatu vikavu, au katika mwanga mkali wa jua, kitaa chake kinaweza kisionekane ingawa umeme upo. Kumbe hata hapo giza si ushahidi. Chombo bora ni cha ncha mbili, au multimita. Kikishapimia, kijaribiwe tena penye umeme wa hakika, hata kama ni kwa jirani, ili isije ikawa kilikufa njiani nasi tukalichukua kimya chake kuwa ni habari njema.

Ngazi iwe imara na ishikwe na mtu. Kiti juu ya meza si ngazi. Mshtuko mdogo usiotosha kumuua mtu unatosha kumwangusha.

Kabla ya kufungua waya wowote, mchoro uchorwe katika karatasi kuonyesha upi uliungana na upi, na kila mmoja utiwe alama. Dakika tano za kuchora ndizo zinazozuia kosa lile la kuunganisha nyaya nyeusi pamoja.

Nyaya ziunganishwe kwa konekta yenye skrubu zilizokazwa, na shaba isionekane nje ya konekta. Kila waya uvutwe kidogo ili kuhakikisha umeshikwa. Desturi ya kusokota nyaya na kuzizungushia tepu peke yake iachwe. Joto la chini ya mabati huikausha gundi ya tepu, tepu hubanduka, kiungo hulegea na kuanza kupata moto. Moto wa darini hukua kwa siri, na wenye nyumba huutambua ukiwa umekwisha kushika mbao.

Taa yenye umbo la chuma lazima iungwe na waya wa ethi, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo imetengenezwa kwa kinga maradufu. Kama darini hakuna waya wa ethi, taa ya chuma isifungwe mpaka fundi auvute waya huo. Tena isijaribiwe kuifanya nyutro kuwa ethi, kwa maana nyutro ikikatika mwili wote wa taa utakuwa na umeme. Katika holda za balbu za kuzungusha, waya wa moto uende katikati chini, na nyutro katika ganda lenye nyuzi, kwa kuwa ganda hilo ndilo kidole hukutana nalo.

Uzito wa taa uchukuliwe na mbao za dari. Jipsamu haiwezi, na skrubu za umeme hazikukusudiwa kazi hiyo. Wati zilizoandikwa katika taa zisizidishwe. Mwisho, aliyepanda ashuke, vifuniko vyote virudishwe, ndipo swichi kuu iwashwe. Fyuzi ikikatika, kosa litafutwe. Kuweka waya mnene au msumari mahali pa fyuzi ni kuinyima nyumba mlinzi wake.

MPAKA WA KAZI HII

Wako watakaouliza kwa haki: kwa nini tusiwaachie mafundi mambo haya yote?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa tuwaachie. Kuvuta waya mpya, kuongeza taa, kuhamisha swichi au kugusa bodi ni kazi za fundi mwenye leseni, na kwa Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA. Mita na lakiri zake ni mali ya TANESCO, na hapana mwananchi mwenye ruhusa ya kuzifungua. Hata katika kubadili taa ya zamani kwa mpya, yeyote anayekuta darini nyaya nyingi kuliko alivyotarajia, au zilizoungua, au asizozielewa, arudishe kifuniko na amwite fundi huku umeme ukiwa umekatwa. Kufanya hivyo si kushindwa.

Lakini kumwita fundi hakutuondolei wajibu wa kujua. Asiyejua kazi njema hawezi kuidai. Fundi akija, ulizia leseni yake, kisha tazama jambo moja: je, amekwenda kwanza kwenye swichi kuu, na je, amepima? Yule anayejisifu kwamba amezoea kugusa umeme kwa vidole, huyo hatufai. Mazoea yake ni bahati iliyorudiwa mara nyingi, na nyaya atakazoziacha darini zitatawaliwa na akili ileile.

Tena kuna jambo linalouma zaidi. Mara nyingi anayepandishwa juu ya meza si mwenye nyumba. Ni kijana wa kazi, au mpwa aliyekuja mjini kutafuta shule, au mlinzi, au mhudumu wa ofisi aliyetumwa na mkubwa wake aende akamfungie taa nyumbani. Vijana hawa hawawezi kukataa kwa urahisi. Wakiambiwa "nimeshazima swichi", huamini, kwa sababu anayesema ni msomi na mtu wa heshima. Maofisini na mashuleni, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humpa mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Nyumbani kwetu sheria hiyo huenda isisikike ikitajwa, lakini utu haukomi mlangoni. Anayemtuma mwenzake kushika waya ambao yeye mwenyewe hajahakikisha kwamba umekufa, ametoa rehani roho isiyokuwa yake.

Kwa walimu tunaongeza ombi moja. Kanuni ya Ohm huandikwa ubaoni kila mwaka, na wanafunzi huikariri na kuifaulu. Je, ni wangapi kati yao wanaoweza kuionyesha swichi kuu ya nyumba wanamoishi? Ni wangapi wajuao kwamba mtu akishikwa na umeme asiguswe kwa mkono, bali kwanza umeme ukatwe, na kwamba namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114? Somo moja mbele ya bodi ya umeme ya shule, kifuniko kikiwa kimefungwa na mwalimu akieleza kila kikatio kinalinda nini, litamfaa mwanafunzi siku ambayo daftari lake halitakuwapo.

Kwa watumishi wa serikali, wapangaji wa nyumba za umma na wenye nyumba zao, ombi letu ni dogo zaidi. Jioni hii nenda kwenye bodi ya umeme ya nyumba yako pamoja na wote unaoishi nao. Waonyeshe swichi kuu iko wapi na huzimwa vipi. Andika kwa kalamu kila fyuzi au kikatio ni cha nini: taa, soketi, jiko. Kama kuna RCD, bonyeza kitufe chake uone kama hukata umeme. Kama haipo, anza kuweka akiba ya kuinunua na ya kumlipa fundi mwenye leseni aifunge. Kisha itangaze kanuni moja ndani ya nyumba yako, kwa wakubwa na wadogo: hapana mtu atakayegusa taa ya darini mpaka swichi kuu imezimwa na nyaya zimepimwa, hata kama chumba ni giza totoro.